Ujira na Moyo wa Kazi

Katika kitabu chao cha mwaka 1959, Frederick Herzberg na wenzake wawili waeleza jinsi walivyowahoji wahandisi na wahasibu wapatao 200 wa Pittsburgh, Marekani. Wanahitimisha kwamba mshahara ukiwa duni huleta manung'uniko, bali bidii huamshwa na kazi yenyewe, mafanikio na kutambuliwa.

Twaikubali hoja hii kwa sehemu. Lakini waliohojiwa walikuwa wanataaluma wenye ajira. Tukimhubiria hoja hiyo mwinjilisti ambaye hajalipwa miezi mitatu, twaigeuza kuwa kisingizio. Mtume Paulo, katika 1 Wakorintho 9, aliitetea kwanza haki ya mhubiri kupata riziki, ndipo akaiacha kwa hiari. Hiari hiyo ni ya mhubiri, si ya mtunza hazina.