Magofu Yana Wenyewe: Umilikishi na Uhasama katika Mashimo ya Mfalme Sulemani na Mzimu wa Watu wa Kale

Ikisiri

Makala hii inachunguza usawiri wa mvumbuzi, magofu na mahasimu katika riwaya ya H. Rider Haggard iliyotafsiriwa kwa Kiswahili na Frederick Johnson kwa jina la Mashimo ya Mfalme Sulemani (1929), kwa kuilinganisha na Mzimu wa Watu wa Kale (1960) ya Muhammed Said Abdulla. Hoja kuu ni kwamba uhasama katika riwaya ya kwanza hauzaliwi na hazina, bali na kunyimwa umiliki kwa wenye mahali. Ushahidi unatokana na msuko, msamiati na muundo wa vichwa vya kazi hizo.

1.0 Utangulizi

Katika riwaya za safari na hazina kuna kanuni inayojirudia: mvumbuzi hufika penye magofu yanayodaiwa kupotea, na mara tu anapofika huzuka mahasimu wanaohatarisha maisha yake. Msomaji hushughulishwa na swali la iwapo mvumbuzi atasalimika. Makala hii inauliza swali linalotangulia hilo: magofu hayo yamepotea kwa nani, na huyo anayeitwa hasimu ni hasimu wa nani?

Riwaya ya Haggard ilitoka mwaka 1885. Msimulizi wake, Allan Quatermain, ni mwindaji wa tembo aishiye Durban. Anafuatana na Sir Henry Curtis, ambaye anamtafuta nduguye, na Kapteni Good, wakiongozwa na ramani iliyochorwa kwa damu na Mreno mmoja mwaka 1590. Tafsiri ya Johnson ilitoka miaka 44 baadaye, mwaka mmoja kabla ya kuundwa kwa Kamati ya Lugha ambayo yeye mwenyewe alikuwa katibu wake wa kwanza. Kwa hiyo kazi hii si ya pembeni katika historia yetu. Ni miongoni mwa matini za mwanzo zilizomwonesha msomaji wa Kiswahili Sanifu jinsi riwaya ya kizungu inavyosimuliwa, na tathmini yake inahusu misingi ya fasihi tunayoifundisha hadi leo.

2.0 Vichwa Viwili na A-unganifu

Vichwa vya kazi hizi mbili vina muundo mmoja wa kisarufi: nomino, a-unganifu, kisha kirai nomino cha mmiliki. Mashimo ni ya Mfalme Sulemani. Mzimu ni wa watu wa kale. Katika vichwa vyote viwili, umilikishi umetamkwa waziwazi kabla hadithi haijaanza. Tofauti iko kwa anayemilikishwa.

Katika kichwa cha kwanza, mmiliki ni mfalme wa mbali, asiyekuwa na kaburi wala kizazi katika nchi inayosimuliwa. Jina lake linabeba uzito mkubwa kwa msomaji wa Kiswahili. Mkristo anamkumbuka Sulemani wa Biblia. Mwislamu anamkumbuka Nabii Suleimani, aliyetiishiwa majini na upepo, na kisa chake na Malkia Bilkisi. Tafsiri inapata mvuto kutokana na mapokeo hayo mawili, na papo hapo inawahamisha Wakukuana kutoka nafasi ya wenye nchi hadi nafasi ya walinzi wa mali ya mtu mwingine.

Neno mashimo nalo lastahili kutazamwa. Lugha ina nomino machimbo, iliyonyambuliwa kutokana na kitenzi chimba, ambayo ndani yake mna mkono wa mchimbaji. Shimo halina mtenda. Laweza kuwa la binadamu, la mnyama au la maji ya mvua. Yaweza kujibiwa kwamba shimo lilikuwa neno la kawaida, na kwamba mfasiri hakukusudia zaidi ya kueleweka. Jibu hilo lina nguvu, lakini hoja hapa si nia ya mfasiri. Hoja ni athari: kichwa kimetaja mmiliki asiyekuwepo na kimefuta waliochimba.

Kichwa cha Abdulla kinakwenda kinyume. Mzimu katika Kiswahili ni mahali pa tambiko, na pia ni roho za waliotangulia. Nomino hiyo haiwezi kutumika pasipo kudokeza jamii inayoamini au iliyowahi kuamini. Watu wa kale hawana majina, lakini ni watu wa hapo hapo.

3.0 Hasimu Ni Nani?

Ndani ya riwaya ya Haggard, hatari kubwa inatoka kwa wawili: Mfalme Twala na ajuza Gagool. Twala ni mdhalimu aliyenyakua kiti, na kuangushwa kwake kunamrudisha Ignosi, mrithi wa haki aliyesafiri na wageni akijiita Umbopa. Msuko unamhukumu kwa vipimo vya siasa ya nchi yake mwenyewe, na msomaji hana sababu kubwa ya kulalamika.

Gagool ni suala jingine. Yeye ndiye anayejua njia ya kufikia hazina na siri ya mlango wa jiwe. Anawaongoza wageni kwa kulazimishwa, anawapitisha katika pango walimowekwa wafalme waliokufa, kisha anawafungia ndani. Anamchoma Foulata kisu na mwenyewe anapondwa na jiwe lile lile. Riwaya inamsawiri kuwa uovu mtupu, na mauaji ya Foulata yanamnyima msomaji nafasi ya kumwonea huruma. Hata hivyo, tukiondoa sifa za kutisha alizovikwa, tunabakiwa na mlinzi wa makaburi ya wafalme anayetishwa ili awafungulie wageni mahali patakatifu. Ujuzi wake ndio ulioithibitisha hazina. Kifo chake ndicho kinachoiacha bila mwenyewe. Hapo ndipo utanzu huu unapofanya kazi yake ya kiitikadi: anayejua anageuzwa hasimu, na asiyejua anaitwa mvumbuzi.

Lugha ya usimulizi inakamilisha kazi hiyo. Haggard aliitabaruku riwaya yake kwa wavulana, wakubwa na wadogo, watakaoisoma. Kiambishi tu- cha nafsi ya kwanza wingi katika Kiswahili, kama ilivyo nafsi hiyo katika Kiingereza, hakibainishi iwapo msikilizaji amejumuishwa au ametengwa. Mwanafunzi wa Kiafrika aliyeisoma tafsiri alikaribishwa kuingia pangoni pamoja na wenye tu-, ilhali wenye wa-, walioogopwa na kushangaliwa, ndio waliofanana naye.

Haki inadai tuseme pia kwamba Haggard hakuwa kipofu kabisa. Mwishoni, Ignosi anatangaza kuwa atawazuia wafanyabiashara wenye bunduki na ulevi, pamoja na wahubiri, wasiingie nchini mwake. Kwa muda mfupi riwaya inakiri kwamba wageni ndio hatari. Lakini ungamo hilo linakuja wakati Quatermain amekwisha kutoka na almasi mifukoni.

4.0 Sulemani wa Kitabuni na Sulemani wa Kilwa

Kumnyima mwenyeji umiliki hakukuishia kwenye kubuni. Mwaka 1871, miaka 14 kabla ya riwaya hii, Carl Mauch alifika kwenye magofu ya Zimbabwe Kuu na kuyahusisha na Malkia wa Sheba. Mwaka 1889 Willi Posselt aliondoka na mmoja wa ndege wa mawe. Mwaka 1895 iliundwa kampuni ya kutafuta dhahabu katika magofu ya nchi hiyo, na uchimbaji wake uliharibu tabaka ambazo zingewafaa wanaakiolojia. Mahasimu hatari wa magofu hayo, basi, walikuwa ni watafuta hazina wenyewe. Mwaka 1905 David Randall-MacIver alihitimisha kuwa majengo hayo ni kazi ya Waafrika, na Gertrude Caton-Thompson akalithibitisha hilo kwa uchunguzi wa mwaka 1929, mwaka ule ule uliotoka Mashimo ya Mfalme Sulemani. Jina la mahali lenyewe, kwa Kishona, linataja nyumba za mawe. Mjengaji hakuwa amesahaulika katika lugha ya wenyeji.

Kuna kiungo kingine kinachogusa pwani yetu. Katika magofu hayo ilipatikana sarafu ya shaba yenye jina la al-Hasan bin Sulaiman, sultani wa Kilwa aliyetembelewa na Ibn Battuta mwaka 1331, enzi ambayo dhahabu ya bara ilipitia Sofala. Ukitafuta jina la Suleimani lenye uhusiano na mawe ya Zimbabwe, ushahidi wa kushikika unaelekeza Kilwa.

5.0 Bwana Msa kama Mvumbuzi Mbadala

Bwana Msa wa Abdulla naye anafika mahali pa kale penye kutisha, kwa sababu maiti ya Bwana Ali Bomani imekutwa kwenye mzimu. Deni la Abdulla kwa hadithi za Sherlock Holmes linajulikana, hivyo si sahihi kuzipinganisha kazi hizi kama ya kigeni na ya kienyeji. Tanzu zote mbili zilitoka nje. Kinachotofautiana ni uhusiano wa mvumbuzi na mahali. Quatermain anatafuta kitu cha kuchukua. Msa anatafuta aliyeua. Msa anapinga hofu ya mizimu kwa mantiki, lakini hapingi kwamba mzimu una wenyewe. Hatari inayomkabili inatokana na mtu mwenye siri, naye anatoka mikono mitupu, akiwa na ukweli tu.

Udhaifu wa Abdulla upo pia. Watu wa kale wanabaki kuwa mandhari ya fumbo. Riwaya haiulizi walikuwa nani. Amewaachia umiliki bila kuwapa historia.

6.0 Hitimisho

Haitoshi kuiondoa Mashimo ya Mfalme Sulemani katika mitaala kwa sababu ya ukoloni wake. Kuiondoa kutatunyima ushahidi wa namna riwaya ya Kiswahili Sanifu ilivyoanza kwa kumtazama mwenyeji kwa jicho la mgeni. Ifundishwe sambamba na Mzimu wa Watu wa Kale, na mwanafunzi aelekezwe kwenye a-unganifu kabla ya kuelekezwa kwenye hazina: hiki ni cha nani, na nani amesema hivyo? Watafiti wajao wana kazi ya kulipeleka swali hilo katika tafsiri nyingine za kipindi hicho, ikiwamo ile ya Kisiwa chenye Hazina, ili ionekane iwapo kinachodaiwa hapa ni hulka ya kitabu kimoja au ya utanzu mzima.