Gonga Usikie: Kuikagua Injini ya Pikipiki Iliyotumika

Mama anayenunua chungu sokoni Bungoma hatosheki na kukitazama. Hukiinua, akakigonga kwa kifundo cha kidole, akatega sikio. Kizima hulia, chenye ufa hukoroma. Anayenunua pikipiki iliyotumika hutazama tairi, rangi na kilomita, akawasha, akalipa. Bolti zinazoishikilia injini kwenye fremu hazigusi hata moja.

Na pikipiki ya kwetu huwa imefanya kazi. Kati ya Oktoba na Desemba, mahindi ya Trans Nzoia yakivunwa, imebeba magunia ya kilo 90 ikitoka shambani kwa njia za mashimo hadi lami ya Kiminini au Kamukuywa. Injini nayo ina silinda moja tu, haina mwenzake wa kuituliza. Ikizunguka mara 5,000 kwa dakika, fremu hutikiswa zaidi ya mara 80 kila sekunde. Kikulacho ki nguoni mwako: hata barabara ikiwa laini, injini inajifungua yenyewe.

Kwanza, ijue bolti

Bolti ikikazwa hurefuka kidogo sana, kama springi, na mvuto huo ndio unaobana injini na fremu zisiteleze. Mwaka 1969 mhandisi Mjerumani Gerhard Junker alionyesha kwamba bolti hulegea upesi zaidi pale vipande ilivyovishika vinapoanza kusogea upande na upande. Vikiteleza tu, nati hujirudisha nyuma bila kuguswa na spana.

Kwa hiyo usilewe na ile washa ya springi iliyokatwa. Mwongozo wa bolti uliotolewa na NASA mwaka 1990 unasema wazi kwamba bolti ikikazwa sawasawa, washa hiyo hulala bapa na haizuii tena chochote. Ulinzi wa kwanza ni mkazo wa kutosha. Baada yake ndipo huja nati yenye pete ya nailoni, au gundi ya hesi ya buluu, ambayo bado inakubali kufunguliwa kwa spana.

Macho

Mwambie muuzaji asiioshe. Pikipiki iliyosuguliwa kwa dizeli asubuhi ya mauzo imefutiwa ushahidi wake. Chuchumaa uangalie pale injini inapokutana na fremu. Unga mwekundu kama pilipili kuzunguka kichwa cha bolti ni chuma kinachosagana. Duara linalong'aa chini ya washa ni alama ya kitu kinachocheza. Rangi iliyopasuka karibu na tundu ni fremu inayolalamika.

Halafu linganisha kushoto na kulia. Kwa desturi ya Japani, bolti ya milimita 10 hufunguliwa kwa spana namba 14. Ile ya duka la vifaa mara nyingi hutaka 17. Upande mmoja 14 na wa pili 17? Mojawapo imebadilishwa. Hatari ni kwamba pikipiki nyingi hutumia bolti ya milimita 10 yenye hesi zilizoachana kwa nafasi ya milimita 1.25, na ya dukani kwa kawaida ni 1.5. Huingia mizunguko miwili, hugoma, na fundi mwenye haraka huisukuma kwa nguvu. Hapo hesi zimekufa. Kichwani tafuta pia namba: 8.8 ni chuma cha kazi. Kisicho na alama yoyote kiache kifunge kitanda.

Ukikuta bolti imechomelewa kwenye fremu, simama na upange safari ya kurudi nyumbani.

Sikio na mkono

Injini ikiwa baridi, gonga kila kichwa cha bolti kwa spana ndogo. Iliyokazwa hulia kwa sauti kali na safi, kama chungu kizima; iliyolegea hutoa sauti nzito, ile ya chungu chenye ufa. Kisha weka kidole nusu juu ya sikio la injini, pale bolti inapopita, nusu juu ya fremu, mwenzako aisukume injini kwa kipande cha mti. Kidole hukamata mchezo ambao jicho haliuoni. Mwisho iwashe na upandishe kasi ya injini polepole. Mtetemo unaokuja ghafla kwenye vikanyagio na kupotea kasi ikipanda zaidi unataka maelezo.

Bolti moja iliyolegea ni sababu ya kushusha bei. Ile inayolegea tena kila baada ya kukazwa ni jambo jingine: tundu limekuwa yai, fremu imepinda, au beringi za ndani zimechoka. Usiinunue kwa matumaini.

Mkono wa fundi

Ubora wa fundi hauonekani kwa jinsi anavyoguna akikaza. Mzuri husafisha hesi kwa brashi ya waya, huingiza bolti zote kwa vidole kabla ya kukaza hata moja ili injini ikae bila kulazimishwa, kisha hukaza kidogo kidogo kwa zamu. Bolti ya 8.8 ya milimita 10 hutaka takriban uzito wa mtungi wa maji wa lita 20 ukining'inia mwisho wa spana ya sentimita 20. Ya milimita 8, nusu ya hapo. Kitabu cha mtengenezaji kikisema tofauti, kifuate. Anayerefusha spana kwa bomba la maji anaivuta bolti mpaka inakufa, na bolti iliyokufa hailegei leo, hukatika kesho ukiwa mteremkoni.

Hesi za alumini zikiisha, mzuri hutoboa na kuweka koili mpya ya chuma. Mbaya huzungushia bolti uzi wa gunia. Na akimaliza, mzuri huchora mstari wa rangi kutoka kichwa cha bolti hadi kwenye fremu; siku mstari ukivunjika, utajua bila kuuliza mtu.

Kabla ya kumlipa, muulize swali moja: "Fundi, nirudi lini?" Akisema hiyo imeisha, usijali, basi jali. Akisema, "Tembea kilomita 500 kisha uje nizipitie tena," umempata.