Karata Nzito, Karata Nyepesi

Anayejua kupima karata utamtambua kabla hajatupa hata moja. Amegawiwa nne, amezichungulia pembe, akazifunga, na sasa anaangalia watu. Mgeni bado anazipanga na kuzipangua, tabasamu limemtoka, na meza nzima imeshajua kwamba ameshika joka.

Mchezo ni kadi, ambao wengi Nairobi huuita poka ingawa hauna undugu wowote na poka ya kasino. Mashimoni, kule Kibera, unachezewa juu ya kreti ya soda iliyopinduliwa, steji ya boda au mlangoni pa kinyozi, popote penye kivuli na watu wanne wenye saa moja ya kupoteza. Karata ni 54 pamoja na joka mbili. Unafuata alama au namba iliyo juu. Namba 2 humlisha anayefuata karata mbili, 3 humlisha tatu, joka humlisha tano. J humruka, K hugeuza mzunguko. Namba 8 na Q ni maswali, na anayeuliza hujijibu mwenyewe palepale, la sivyo anaokota. Esi, ile yenye herufi A, huzuia adhabu au huagiza alama inayotakiwa. Hizo ndizo karata za nguvu, na ukizihesabu ni 30. Zilizobaki, kuanzia 4 hadi 7, kisha 9 na 10, ni 24. Hazimtishi mtu, hazimruki mtu. Ila ndizo pekee zinazoruhusiwa kumaliza mchezo.

Sheria hiyo moja ndiyo inayoupa ufundi huu heshima yake. Esi mkononi mwa mwenye karata sita ni ngao. Esi hiyohiyo ikibaki peke yake ni mzigo, kwa sababu haifungi. Ukiitupa unabaki mikono mitupu bila ushindi, na zamu ikikurudia unaokota upya huku wenzako wakikucheka. Wakati huo 4 ya maua, uliyoitupa mwanzoni kwa dharau, ndiyo ungeifungia.

Iko michezo ambayo nguvu imechapwa kwenye karata yenyewe. Magic: The Gathering, uliobuniwa na Mmarekani Richard Garfield na kuanza kuuzwa 1993, huandika namba mbili chini ya kila kiumbe, moja ya pigo lake na nyingine ya uwezo wake wa kustahimili pigo, na juu huandika gharama ya kumwita. Grizzly Bears, dubu wa gharama mbili mwenye pigo mbili na ustahimilivu mbili, amekuwa kibaba ambacho wachezaji huwapimia viumbe wengine. Lakini katika toleo hilohilo la kwanza yumo Force of Nature, jitu la nane kwa nane kwa gharama ya sita tu. Ukisoma namba utalikimbilia. Ukisoma maandishi utaona kwamba kila zamu linamdai mwenyewe malipo mengine manne, na akikosa kulipa linampiga yeye pigo la nane. Vijana wa Mashimoni hawangehitaji kuelezwa mara mbili. Wanaishi na esi.

Chukua mkono huu: Q ya kopa, 8 ya kopa, 8 ya shupaza, 6 ya shupaza. Mezani iko 10 ya kopa. Q inaingia juu ya 10 kwa alama, 8 ya kopa inaifuata Q kwa alama, 8 ya shupaza inaifuata mwenzake kwa namba, na 6 inazijibu zote. Karata nne zimeshuka kwa pumzi moja. Sasa iondoe ile 6. Maswali matatu yamebaki bila jibu, na kila moja linadai kuokota. Bei ya Q imeshikwa na karata ambayo mtoto angeitupa kwanza.

Na bado hujamaliza kupima. Ili ufunge lazima uwe umetamka "niko kadi" zamu iliyotangulia. Mwenye karata moja akitamka, kila mtu alitarajia. Mwenye karata nne akitamka, wazoefu wanaacha porojo. Atakuwepo mmoja mwenye esi atakayeagiza uru, na mkono wako mzuri utalala hivyohivyo. Kwa hiyo unapima pia nani ameketi wapi. Namba 2 ni karata ya jirani: kama anayekufuata ana karata saba, humwongezei maumivu mengi, kama ametoka kusema "niko kadi", 2 hiyo inashinda joka iliyo mkononi mwa mtu wa mbali. K nayo thamani yake hutegemea adui ameketi upande gani.

Kuna kuhesabu pia. Esi zote nne zikishapita, joka yako imepanda bei, mpaka rundo liishe na karata zichanganywe upya. Nimemwona mzee mmoja fundi viatu akicheza huku akishona soli, haangalii meza, kisha kijana anajigamba na 3 yake. "Tupa tu, kijana wangu. Esi ya mwisho ninayo mimi."

Karata zenyewe huzeeka na uzee hubadilisha nguvu. Katika seti moja 9 ya uru ilipotea, wakakata kipande cha boksi la sigara na kuiandika kwa kalamu. Ni karata ya kufungia, karata njema kabisa, lakini kila mtu anaiona mgongo ikiwa mkononi mwako. Hakuna anayeitaka. Wapo wanaoichota na kuitupa mara tu ikipata njia, hata kama inawavuruga.

Usifananishe haya na pata potea ya mtaani. Kule hakuna cha kupima, maana karata unayoitafuta iko chini ya kiganja cha mwenye meza. Na sitasema kadi inafundisha maisha, kama wanavyosema wanaotaka wazazi wanyamaze. Inafundisha kadi.

Ila ukitoka Mashimoni ukaenda kutembelea rafiki Kawangware, usidhani sheria zimepanda nawe matatu. Maskani moja hujumlisha adhabu, 2 juu ya 2 ikawa nne, nyingine hukataa. Wengi huihesabu esi ya shupaza kuwa esi mbili, si wote. Uliza kabla ya kugawiwa: esi inazuia joka, au joka inajibiwa kwa joka tu? Wakisema inazuia, shika esi yako. Wakisema haizuii, itupe mapema uagize alama yako, ubaki na zile za kufungia.