Carouge: Nimeshuka Tramu, Sitaki Kurudi

Asikwambie mtu! Sijamaliza hata nusu siku Carouge, na tayari najuta kwa siku zote nilizozunguka Geneva. Tramu namba 12 inavuka mto Arve, na papo hapo majengo yanashuka kimo: nyumba za ghorofa mbili tatu, madirisha ya mbao, mitaa imenyooka kama uzi. Njia yenyewe ni kongwe. Mwaka 1862 behewa lilivutwa na farasi!

Unahisi Italia, na si bure. Ardhi hii ilikuwa ya wafalme wa Savoia waliotawala kutoka Turin, na mwaka 1786 Mfalme Victor Amadeus III akaipa Carouge hadhi ya mji. Wasanifu wa Turin wakachora ramani. Shabaha? Kuikomoa Geneva, jirani tajiri, Mprotestanti, asiyependa makelele. Carouge ikafungua milango kwa Mkatoliki, Mprotestanti na Myahudi, mradi una ufundi au biashara. Wayahudi, ambao Geneva haikuwataka ndani ya kuta zake, huku walipata hata makaburi yao. Na aliyetaka glasi ya mvinyo bila kukodolewa macho alijua daraja liko wapi. Mkataba wa Turin wa 1816 uliikabidhi Carouge kwa Geneva. Lakini hiyo ni kwenye karatasi tu; tabia, nadhani, haikuhama.

Njoo Jumatano au Jumamosi asubuhi, siku za soko! Chini ya miti mikubwa ya uwanjani, muuza nyama alikuwa akimshika binti mmoja mkono, karibu amkemee: longeole, soseji ya kwao ya nguruwe yenye mbegu za shamari, haikaangwi haraka haraka, inatokoswa taratibu kwa muda wa saa tatu! Binti anaitikia, mwana kiunoni, baiskeli imeegemea chemchemi. Mimi nguruwe simgusi, lakini nilisikiliza somo lote.

Halafu nyua! Sukuma mlango ulioachwa wazi: bustani, kamba ya nguo, fundi ameinamia saa ya mkononi kwa lenzi jichoni, hajui hata kama umeingia.

Kasoro ipo. Bei ya kahawa sikuthubutu kuigeuza shilingi. Nimeinywa kidogo kidogo, imepoa, na hii ni tramu ya tatu naiacha ipite.