Kinachozeeka Nyuma ya Kioo cha Monita

Katika steshenari za Bukoba mjini na Muleba bado zipo monita kuukuu ambazo herufi zake hazisomeki mpaka pazia lishushwe. Lawama huangukia umeme, maana kwa miaka mingi Kagera imetegemea umeme wa Uganda unaopita Masaka hadi Kyaka. Umeme unaoyumba unaweza kuua monita, hilo kweli. Kuififisha polepole, hapana: pawasaplai yake hupokea kati ya volti 100 na 240, na ndani hutoa kiwango kilekile. Kinachochoka ni chanzo cha mwanga.

Kwenye monita za chogo, shingoni mwa bomba la kioo kuna kathodi iliyopakwa oksidi za bariamu na strontiamu, ikipashwa moto na hita ya volti 6.3. Ikipata moto hutema elektroni, nazo huipiga fosfori nyuma ya kioo ikang'aa. Bariamu hupungua mwaka hadi mwaka, na picha hufifia nayo. Mafundi waliongeza volti za hita kwa muda mfupi huku wakivuta mkondo mkubwa, ili gamba lililochoka liungue. Picha ilirudi, lakini dawa hiyo ilikula oksidi iliyobaki, kwa hiyo haikufaa kurudiwa mara nyingi.

Kioo bapa cha LCD hakitoi mwanga wowote. Huupitisha au kuuzuia tu. Kabla ya LED, mwanga ulitoka kwenye taa nyembamba kama mrija wa peni, zenye zebaki kama ilivyo tyubulaiti. Zebaki humezwa taratibu na kuta za taa, ncha huwa nyeusi, na weupe huelekea umanjano. Taa nyingi za aina hii hubaki na nusu ya mwanga baada ya saa 25,000 hadi 50,000. Ofisi inayowasha saa 10 kwa siku, siku 300 kwa mwaka, hufika 25,000 katika miaka minane hivi. Asubuhi ya mvua Bukoba hali huwa mbaya zaidi, kwani taa hizo hazing'ai vizuri mpaka zipate joto.

Monita bapa ikiwa giza kabisa, iwashe, kisha mulika tochi kwa mshazari. Ukiziona ikoni kwa mbali, kioo ni kizima. Taa au inverta inayoilisha umeme ndiyo imekufa, na kuitupa monita ni hasara ya bure. Fundi makini huchomoa taa na kuweka ukanda wa LED wa urefu na upana uleule, pamoja na draiva yake, kisha hupunguza rangi ya bluu kwenye menyu.