Sauti ya Senge Kwenye Skrini ya Simu

Tuseme mchora vibonzo yuko Ndalu, magharibi mwa Kenya, na anajichapishia mwenyewe mtandaoni. Hadithi yake inamhusu senge, yule shangazi ambaye akiita watoto jioni husikika hadi ng'ambo ya shamba la mahindi. Amechora visanduku saba kwenye ukanda mmoja mrefu, pikseli 800 kwa 5,600, kwa mtindo wa kusogeza kwa kidole uliotoka Korea Kusini. Kwenye tovuti ya vibonzo kazi hiyo haina tatizo.

Lakini wasomaji wake wa kwanza ni jamaa walioko Kitale na Bungoma, na wao hukutana kwenye kikundi cha WhatsApp cha ukoo. Picha ikitumwa huko kwa njia ya kawaida hubanwa. Upande mrefu ukishushwa hadi pikseli 1,600, upana wa 800 hubaki 228 hivi, na herufi za urefu wa pikseli 32 huwa 9. Senge anafoka, hakuna anayemsikia.

Ndiyo maana nasema ukubwa huamuliwa kabla ya penseli kugusa karatasi. Kila kisanduku kiwe picha yake, mraba wa pikseli 1,080, na herufi zisipungue pikseli 40. Kwenye simu nyingi za skrini ya upana huo, hizo ni kama milimita 2.5. Kiputo kikizidi maneno 15, kigawe. Kuna hasara: ule mshtuko wa kusogeza kidole na kukuta jambo chini unapotea, hivyo kila mraba lazima uache swali linalomvuta msomaji kwenye unaofuata. Mimi naona ni bei nafuu.

Uzito nao ni bando la mtu. Wino mweusi na rangi chache bapa, ukihifadhi kwa PNG yenye rangi 16 au 32 na kuituma kama hati, hutoa faili jepesi lenye mistari safi. JPEG iliyobanwa sana huacha vumbi kuzunguka herufi. Ila nakala kuu ibaki kubwa. Mraba wa pikseli 1,080 ukichapwa kwa nukta 300 kwa inchi hautoi zaidi ya sentimita 9 hivi, na siku ya kutaka kijitabu utajuta.

Na senge mwenyewe? Terry Hirst na Hilary Ng'weno walipoanzisha jarida la Joe mwaka 1973, Joe wao alikuwa Mnairobi wa kawaida ambaye kila msomaji alidhani anamjua. Boyie wa vibonzo vya Shujaaz, mwaka 2010, naye ni kijana wa mtaani anayerusha redio kwa siri kutoka chumbani. Hawa si picha ya mtu mmoja. Basi chukua kilemba cha shangazi huyu, ubahili wa mjomba yule, mwendo wa jirani. Ukoo utacheka bila kuitisha kikao. (Bado kuna atakayeapa kuwa ni yeye.)

Hakimiliki ya michoro ni yako tangu ilipochorwa, na kwa sheria ya Kenya ya 2001 hudumu miaka 50 baada ya kifo chako. Kuisajili KECOBO, bodi ya hakimiliki ya Kenya, ni hiari, lakini husaidia ukiibiwa.

Kabla ya kuchora sehemu ya pili, tuma ya kwanza kwa mtu mwenye simu kuukuu, umwombe akusomee kwa sauti.