Wastani Unaoficha: Programu za Kukadiria Jinsia Zilivyokaguliwa

Mwaka 2018 watafiti Joy Buolamwini na Timnit Gebru walichapisha ukaguzi wa programu tatu za akili mnemba, za Microsoft, IBM na Face++, zilizokuwa zikiuzwa kwa kazi ya kukadiria jinsia ya mtu kutokana na picha ya uso wake. Undani wa programu hizo ulikuwa siri ya kampuni, lakini siri hiyo haikuwazuia wakaguzi, kwa kuwa walichohitaji ni picha ambazo majibu yake sahihi yanajulikana.

Picha za namna hiyo za watu weusi zilikuwa adimu. Katika Adience, mojawapo ya mikusanyo iliyotumika kupimia programu hizi, asilimia 86.2 ya nyuso zilikuwa za watu wenye ngozi nyeupe, hivyo programu iliweza kuwakosea weusi na bado ikasifiwa. Watafiti wakaunda mkusanyo mpya wa wabunge 1,270 kutoka Rwanda, Senegali, Afrika Kusini, Aisilandi, Ufini na Uswidi, kwa sababu picha za wabunge ziko hadharani na mabunge hayo, hasa la Rwanda, yana wanawake wengi. Kila uso ulipangwa katika mizani ya Fitzpatrick, yaani madaraja sita ya rangi ya ngozi yanayotumiwa na madaktari wa ngozi, kisha matokeo yakachambuliwa kwa rangi na jinsia kwa pamoja, na hapo ndipo ulipo uzito wa kazi yote. Usahihi wa jumla wa programu ya IBM ulikuwa asilimia 87.9, alama ya kuridhisha kwa mnunuzi asiyedadisi; kumbe ilikosea asilimia 0.3 tu ya wanaume weupe, na asilimia 34.7 ya wanawake weusi, yaani zaidi ya mmoja katika kila watatu.

Ukaguzi wa pili, wa Buolamwini na Deborah Raji mwaka 2019, unafundisha zaidi. Kampuni zilizotajwa mwanzoni zilikuwa zimerekebisha programu zao, na makosa ya Microsoft kwa wanawake weusi yakawa asilimia 1.52; Amazon, ambayo haikuwamo katika ukaguzi wa kwanza, ilikosea asilimia 31.37. Tofauti hiyo inaashiria kuwa kutaja majina hadharani kulikuwa na nguvu ya kuzisukuma kampuni zijirekebishe. Hata hivyo, usahihi haujibu swali la nani ana haki ya kuutambua uso wa mtu bila idhini yake, na Juni 2020 IBM ilitangaza kuacha kuuza programu za jumla za kutambua nyuso, ikipinga zitumiwe kuwafuatilia watu kwa wingi na kuwashuku kwa rangi zao.